Nani Atamtukana Shilinde?

Eti hakuwa na adui! Hilary alisimama mbele ya jeneza, suti imembana kwapani, akashika maikrofoni kwa mikono miwili na kuutangazia umati mzima wa Katindiuka kwamba marehemu Shilinde, katika maisha yake yote, hakuwa na adui hata mmoja. Jamani! Na mimi nimesimama palepale namsikia. Adui yake ni mimi. Nimemtukana Shilinde hadharani kila mavuno tangu tukiwa vijana. Nimemtukana Ifakara, nimemtukana Malinyi, nimemtukana mpaka ng'ambo ya mto huko Ulanga, na yeye akanirudishia matusi ya kunikosesha usingizi. Halafu anatokea mtu wa duka la kaseti ananifuta kwa sentensi moja!

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hasira ikinipanda huwa naanzia katikati.

Naitwa Yunis. Ni Msukuma, mkulima wa mpunga. Mpunga ukishaingia ghalani mimi ni ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Sisi Wasukuma tuna vyama viwili vya ngoma tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Mimi ni wa Bagika, Shilinde alikuwa wa Bagalu. Siku ya mashindano ngoma zote mbili zinapigwa kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, moja huku na nyingine kule. Hakuna jaji, hakuna kombe, hakuna cheti. Watu wana miguu yao. Anayeona kule kumenoga anakugeuzia mgongo na kwenda kule. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye kashinda, na hakuna wa kubishana naye.

Sasa ningi anawavutaje watu? Kwa kumchambua mwenzake. Unamwimba kuanzia ukosi mpaka kisigino, unaanika uvivu wake, mwendo wake, mapishi ya mkewe, mpaka watu wanashika mbavu. Wasiotujua wanadhani tunachukiana. Thubutu! Nani atakaa anapalilia mpunga huku akitunga beti za kumtukana mtu asiyejua kuimba? Hafifu humtukani, unamwacha apite. Ukitukanwa na ningi wa maana ujue na wewe ni wa maana.

Na huyo Shilinde sikuwahi kumshinda. Nalisema mwenyewe kabla hamjaenda kuulizia. Miaka yote hiyo, hata mara moja sikumshinda. Kuna siku nilikuwa na nusu ya uwanja, nikaona leo ni leo, yeye akaimba kwamba sauti yangu ni mashine ya kukoboa iliyolegea mkanda, inatoa pumba tupu. Basi. Nikabaki na wapiga ngoma wangu na mama mkwe.

Shilinde alizaliwa Maswa, kwetu Usukumani. Alikuja huku bondeni Kilombero akiwa bado kijana, yeye na baba yake na ng'ombe, kwa miguu, wakipitia Usangu. Walifika hawamjui mtu. Wenyeji walikuwa wanalima kwa jembe la mkono, Shilinde akafunga maksai kwenye plau akaanza kuwalimia watu, na akilima anaimba. Ndivyo alivyoanza. Watu walikuwa wanakuja Katindiuka kuomba wakalimiwe na "yule mwenye pengo anayeimba", hata kama kuna plau nyingine karibu. Balbina, jirani yangu Mpogoro, mpaka leo hajui Kisukuma hata cha kuomba maji, lakini alikuwa anaacha jiko linaungua ili asimame kwenye jaruba amsikilize.

Kisha zikaja kaseti. Mtu anakaa uwanjani na redio yake, anarekodi, mwingine ananakili kwake, mwingine kwake, mpaka sauti inakwaruza kama kikaango. Kaseti za Shilinde zilifika Malinyi kabla yeye hajafika, zikavuka mto kwenda Mahenge, zikapanda mabasi na wasafiri mpaka Shinyanga. Kila palipo na Msukuma aliyehama kwao akaenda kulima ugenini, palikuwa na kaseti ya Shilinde. Alikuwa anawaimbia wao. Aliimba mafuriko yanayobeba miganda, pantoni inayogoma katikati ya mto, viboko wanaolala shambani kwako kana kwamba umewatandikia. Mtu wa Ifakara akisikia anasema, ee, ni mimi huyo.

Na huyu Hilary? Huyu anayelia kwenye spika? Wakati huo alikuwa na duka lake la kaseti pale Kibaoni, anapiga muziki wa dansi kutwa nzima. Siku moja vijana wetu walimpelekea kaseti ya Shilinde aipige kidogo. Akaitoa kabla haijamaliza wimbo mmoja, akasema yeye hapigi nyimbo za kuswagia ng'ombe dukani kwake. Na kwenye mkutano wa kijiji, ng'ombe walipokanyaga mpunga wa watu, ni yeye huyuhuyu aliyesimama kusema Wasukuma wote warudishwe kwao. Wote! Mimi nilikuwepo, mpunga wangu mwenyewe umekanyagwa na ng'ombe haohao, na mimi nirudishwe. Sina ugomvi na Wapogoro, nimezalishwa na mkunga wa Kipogoro. Nina ugomvi na Hilary.

Haya. Mwaka tisini na tatu Shilinde akaitwa nyumbani, Maswa, akaimbe kwenye mashindano makubwa. Alifurahi kupita kiasi. Alinunua shati, akashona suruali, akafunga ngoma zake kwa mablanketi kama watoto wachanga. Akapanda basi mpaka Morogoro, kisha treni. Mimi nilimsindikiza kwa matusi mpaka stendi, na nilikuwa namwonea fahari, nasema wazi.

Kule wakamsikiliza kidogo, wakaanza kutazamana. Huyu anaimba viboko, anaimba pantoni, anaimba mpunga unaooza majini. Maneno yake mengine ameyaokota kwa Wandamba na Wapogoro, wenyeji wa huku bondeni. Watu wakacheka, wakamwita Mndamba. Mndamba, mtu aliyekatwa kitovu Maswa! Wakageuza migongo mmojammoja wakaenda upande wa pili, akabaki yeye na ngoma zake. Huku tunaambiwa turudi kwetu, na kwetu nako wanatuuliza tumetoka wapi. Hivi tukaimbe wapi, mbinguni?

Aliporudi alitundika ngoma ukutani. Mavuno yakapita, hakuimba. Vijana wa Bagalu wakawa wanazurura tu, na mimi nashinda viwanjani bila kushindana na mtu, jambo lisilo na ladha kabisa. Siku moja Merina, mke wake, akaja nyumbani kwangu na kikapu cha viazi, akakaa, akasema, "Dada Yunis, mwenzio anaangalia ukuta. Anakula vijiko viwili, anaangalia ukuta. Watu wa kanisani wamekuja kumwombea, amewashukuru, ameendelea na ukuta."

"Wamemwambia nini?"

"Kwamba yeye ni mwimbaji mzuri na asijali."

Nikasema, mmemmaliza. Nikamwita Yoramu, mpiga ngoma wangu, tukaenda asubuhi ileile mpaka uani kwa Shilinde. Sikubisha hodi. Yoramu akapiga, mimi nikaachia:

*Mwenye pengo amerudi, mkia katikati ya miguu,*
*Wamaswa wamemkimbia, wimbo unavujia kwenye pengo!*
*Hata viboko wa Kilombero, akienda kuoga mtoni,*
*wanaziba masikio, wanaomba avae nguo aondoke!*

Majirani wakajaa uani. Nikamwimba mwendo wake wa kongoti anayetafuta chura jarubani, nikaimba suruali ile mpya iliyopanda treni bure. Merina amejificha nyuma ya mlango wa jiko, anacheka huku ameziba mdomo na kanga. Nikaanza kukauka koo. Hapo Shilinde akatoka. Ana mswaki mdomoni, macho mekundu, shati amelivaa ndani nje. Akautema mswaki chini.

"Wewe mwanamke," akasema, "mumeo analala zizini na ng'ombe kwa sababu ndiko kwenye utulivu." Akaanza kuimba hapohapo, bila ngoma, na Yoramu, mpiga ngoma wangu mimi, mtu ninayemlisha, akasahau yuko upande gani akaanza kumpigia!

Msimu uleule alitunga ule wimbo wa Maswa na mto, ule ambao mpaka watoto wa shule Waswahili watupu wanauimba wakienda kuchota maji. Nao sikuushinda. Sasa niambieni, nani alikuwa rafiki yake hapo, aliyemsifu au aliyemtukana?

Kuna siku tulikuwa tunangoja pantoni, tunatoka kucheza ng'ambo. Pantoni haiji, jua linatuchoma, tumekaa juu ya magunia ya watu. Akaniambia, "Yunis, nikitangulia mimi, uje unitukane kabla sijafukiwa."

Nikamwambia aache uchuro.

"Sifanyi uchuro. Watu wengine wote watanisifu, wamezoea. Lakini wewe ukinisifu nitajua kweli nimekwisha." Akacheka na lile pengo lake. "Na mimi ukitangulia wewe nitakutukana mpaka malaika wakukatae." Nikasema sawa. Tukapeana mikono, pantoni ikaja. Merina alikuwepo, alisikia yote.

Ametangulia yeye. Mvua zile za El Niño zilipofurika bonde lote alishinda majini akiokoa ndama, kifua kikambana, na maji yalipoanza kupungua Shilinde akafa. Nilipoletewa habari nilikuwa nachambua mchele. Nikaumwaga wote. Nilikasirika, kwanza na yeye. Nani alimwambia afe?

Kabla hatujamaliza kulia, kamati ya mazishi ikawa imeshaundwa, mwenyekiti Hilary. Ilikuwaje? Ilikuwa hivi: ilisemekana mheshimiwa mmoja kutoka mkoani ni mpenzi wa zile kaseti na atakuja kuzika. Basi! Mara Shilinde ni "mwanetu wa Ifakara", mara ni "hazina ya bonde letu". Mtu wa nyimbo za kuswagia ng'ombe kapandishwa cheo, na kilichompandisha ni kufa kwake na gari la mheshimiwa.

Nikaenda dukani kwa Hilary kwa adabu zangu zote. Nikampa pole. Nikamwambia nina wimbo wa kumwimbia marehemu kabla hajafukiwa, ni makubaliano yetu, na mjane anajua.

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, nimeshaambiwa habari zako. Wewe ndiye uliyekuwa unamtukana marehemu. Msibani hakuna matusi, mgeni atatuonaje? Kwaya itaimba, risala itasomwa, imekwisha." Kisha akashusha sauti kana kwamba ananihurumia. "Na wapo wanaosema ulimfanyia dawa, kwa kuwa ulishindwa kumshinda. Nakusaidia tu. Usije."

Mimi! Nimroge Shilinde! Nikishamroga nishindane na nani, na wewe Hilary? Nilimwambia hivyohivyo, na mengine ambayo sitayarudia kwa sababu kuna wakwe zangu hapa. Wateja wakatoka dukani. Nikatoka na mimi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Merina. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka katikati ya wanawake, sauti imekauka. Nikamweleza. Nikamwambia kama naye anaona ni aibu, nitakaa nyumbani, nitanyamaza, maana mume ni wake. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Wanaomlilia wapo wengi, dada," akasema. "Usipokuja wewe, nani atamtukana mume wangu?"

Ndiyo maana nilikuwa pale Katindiuka, na Yoramu, na ngoma zetu zote, Hilary alipotangaza kwamba marehemu hakuwa na adui. Nikasema kwa sauti, "Mwongo!" Watu wakageuka. Mheshimiwa naye akageuka. Hilary akaonyesha kidole tu, mgambo wakatujia. Hawakutupiga, sisemi uongo, lakini walitushika mikono mbele ya watu kama wezi wa kuku, wakamsukuma Yoramu na ngoma yake mgongoni, wakatutoa pale kaburini, ukingoni mwa uwanja, wakatuvusha uwanja wote mpaka upande wa pili kwenye kingo za majaruba. "Kaeni huku," wakasema, "mkisogea tutawaweka ndani."

Nikasimama pale na machozi ya hasira, nikatazama. Jeneza kule. Uwanja katikati. Mimi na ngoma zangu huku. Ebo! Kumbe wapumbavu hawa wamenipeleka wenyewe mahali pangu! Huu ndio uwanja wetu wa mashindano; kila mavuno mimi nilisimama hapahapa, na Shilinde kulekule. Hakuna Msukuma ambaye angefanya kosa hilo, lakini kamati nzima ya Hilary haikuwa na Msukuma hata wa kubeba maji.

"Yoramu," nikasema, "piga."

Akapiga. Kule kwaya ilikuwa inaimba wimbo mpole wa Kiswahili, jinsi marehemu alivyokuwa mnyenyekevu. Mnyenyekevu, Shilinde! Nikaanza na pengo. Nikaimba kwamba Mungu akimwona atauliza huyu mbona hana mlango. Nikaimba ndama waliookolewa, kwamba wamekataa kuja mazishini, wanasema walikuwa wanaogelea zao vizuri yeye ndiye aliyewasumbua. Sauti yangu ilikuwa inatoka mahali ambapo sijawahi kuifuata.

Wa kwanza kugeuka walikuwa vijana wake mwenyewe, Bagalu, waliovalishwa mashati meupe na kuambiwa wabebe mashada. Wakaweka mashada chini. Wakaja. Kisha wazee wetu na fimbo zao, kisha wanawake, kisha Balbina mbio amejifunga kanga kiunoni, na nyuma yake Wapogoro na Wandamba waliolimiwa mashamba kwa nyimbo zile. Walikuwa wanacheka na kulia pamoja, wanaitikia. Hilary kwenye spika anapiga kelele, "Jamani, ratiba! Ratiba bado!" Hata wanakwaya wakaja. Niliwaona wananijia uwanja mzima, na nitasema ukweli, nilifurahi. Moyo uliruka. Nilikuwa naungoja umati ule tangu ujana wangu.

Kisha nikatazama kule.

Kule palikuwa na Hilary, mgeni wake, Merina amekaa chini, na jeneza. Basi. Hakuna mwingine. Shilinde, ambaye sikuwahi kumnyang'anya uwanja, nimemwacha na watu watatu siku ya kuzikwa kwake. Kama kule Maswa.

"Rudini!" nikawapigia kelele. "Rudini kwake! Sijamshinda mimi! Rudini, wajinga nyie!" Wao wakadhani ni kiitikio. Wakaitikia kwa furaha, *rudini, rudini*, wanaruka, vumbi linapanda, na hakuna aliyerudi.

Nikaacha kuwasemesha. Nikaanza kuvuka uwanja mimi mwenyewe. Katika maisha yangu yote ya ngoma sijawahi kuona ningi anaacha upande wake na kwenda kwa mwenzake, hata akiwa ameshindwa vibaya namna gani, anabaki palepale mpaka mwisho. Mimi nilikwenda. Nilipita katikati yao nikiimba, wakanipisha, wakaona ninakokwenda, kelele zikapungua. Nikafika. Mgambo, waliokuwa wamenifuata, wakamtazama Hilary, Hilary akamtazama mheshimiwa, na mheshimiwa alikuwa amevua kofia. Nikasimama upande wa Shilinde, karibu na jeneza, nikageuka kuutazama uwanja kama yeye alivyokuwa akiutazama. Na umati wote ukarudi nyuma yangu, ukatuzunguka.

"Umeona?" nikamwambia. "Umenishinda tena, mpumbavu wewe."

Wakamteremsha. Niliimba wakati udongo unaingia, nikamalizia viboko, nikamalizia suruali ya treni, nikafika kwenye ubeti wa mwendo wake wa kongoti, ule aliouchukia kuliko zote. Mwisho wa ubeti ule, kwa mazoea tu, nikanyamaza ili ajibu.